Nimeiacha Nyumba Uliyoitaka

Mama Regina,

Leo ni Jumapili. Nimetoka misa ya kwanza na sina zege la kuchanganya mpaka kesho. Nimechukua daftari la zamani la Regina, lile la darasa la sita, lina kurasa nyingi nyeupe nyuma. Unajua mimi niliishia la nne, kwa hiyo mwandiko usiucheke. Barua zetu zote ulikuwa unaandika wewe, mimi nasema tu, halafu unaniuliza, "Hilo nalo niliandike?" Leo hakuna wa kuniuliza, nitaandika yote.

Mwenye nyumba anataka chumba chetu. Mwanawe anaoa. Hakunifukuza, alikuja na mkewe wakakaa, wakaongea vizuri, wakanipa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo wale ng'ombe wachache tuliowaacha kwenu Milepa kwa shemeji Kasiani nimewauza, nanunua nyumba. Hili jambo tuliliongea miaka mingi, wewe na mimi, mpaka likawa kama hadithi ya kulalia. Sasa limefika wewe hupo. Kesho asubuhi natakiwa ofisi ya mtaa kuandikishana, na nataka nikueleze kabla sijaweka sahihi, kwa sababu sikuchagua ile uliyoitaka.

Regina yuko Mbeya, hajambo, ananipigia kila Jumatano. Alinialika nikakae kwao, nikamwambia siwezi kwenda kuzeekea kwa mkwe. Akasema, "Basi baba, angalia choo kiwe ndani, mengine utazoea." Kaka Masanja naye alipiga simu kutoka Kahama. Akasema, "Ulikwenda huko kuchunga ng'ombe, mke umezika, ng'ombe umeuza, sasa unabaki na nani? Rudi, kiwanja cha baba kipo." Nilikaa na maneno hayo siku nzima nikibeba tofali. Kwetu wanaonijua wamebaki wazee wanne, wengine wote ningeanza kuwaeleza mimi ni mtoto wa nani. Wewe uko Milepa, na kutoka hapa ni kushuka mlima tu. Nikampigia jioni nikamwambia sirudi. Akasema, "Haya, Mfipa." Sijui kama alikuwa anatania.

Mimi naendelea. Mgongo unauma upande ule ule. Maharage sipiki tena, yanachukua muda mrefu na mtu mmoja hamalizi chungu. Nakula kwa mama ntilie, halafu nazunguka sokoni mpaka wanafunga, sinunui kitu. Redio naiacha inaongea hata nikienda kuteka maji.

Nilitafuta dalali. Anaitwa Festo, kijana mdogo, viatu vimechongoka, simu mbili. Akaniambia, "Mzee wangu, wewe nitajie sifa tu, nyumba niachie mimi." Nilipofungua mdomo sifa zikatoka zako, moja baada ya nyingine. Jiko la nje, mlango uangalie magharibi. Kisima kisichokauka mwezi wa kumi. Uwanja wa kupanda mahindi na ulezi kidogo. Majirani wasikae karibu. Festo akauliza kwa nini mlango wa jiko uangalie magharibi, nikamwambia mke wangu anataka hivyo. Nilisema kama mtu aliyekuacha nyumbani unapeta mchele.

Wewe unajua kwa nini magharibi. Tulipopanda kutoka Milepa nilikujengea lile jiko la miti pale kwenye kile chumba cha kwanza, na nikaweka mlango upande wa mashariki, upepo uingie. Kwenu bondeni ndivyo watu wanavyojenga, kule joto linatesa, mpishi anataka hewa. Hakuna aliyeniambia kwamba huku juu upepo wa mwezi wa sita unatoka huko huko mashariki, na ni baridi, na unausukuma moshi wote kwenye macho ya mtu. Ulipika humo kiangazi chote. Nikirudi kazini nakukuta machozi yanatoka, nikadhani unalilia kwenu, nikawa naogopa hata kuuliza. Mpaka siku nilipokuuliza kama nikurudishe kwa wazazi, ukasema, "Msukuma wee, nalia moshi. Wewe geuza mlango." Niliugeuza Jumamosi hiyo hiyo. Fundi wangu wa kazini aliposikia alinitania mwezi mzima.

Basi Festo akanipeleka Izia, kule pembeni ambako nyumba zinaisha mashamba yanaanza. Mama Regina, nyumba ile ni nzuri. Niliikagua kwa kazi yangu. Nilikwangua plasta kwa msumari, nikagonga kuta zote, nikamwaga ndoo ya maji sakafuni nione yanaelekea wapi, nikapanda juu ya stuli kuchungulia kenchi za paa. Festo akachoka kunisubiri, akasema, "Mzee, unanunua nyumba au unakagua ng'ombe wa mnada? Mfungue mdomo basi tuhesabu meno." Lakini sikuona kosa. Msingi mzito, lenta ya zege imezunguka nyumba nzima, kisima kina maji, uwanja unatosha mahindi ya chakula na ulezi. Choo kiko ndani, Regina angefurahi.

Halafu nikaingia jikoni. Ni jiko la tofali, limejitenga na nyumba, mlango unaangalia magharibi. Ndani kulikuwa na baraza la kukalia mpishi na dirisha dogo la kutolea moshi. Hakuna sehemu ya jiko lile ambayo hukuwahi kuniambia. Nikasema kwa sauti, "Mama Regina, njoo uone."

Festo aligeuka akaangalia mlangoni. Akasubiri. Hakuna mtu aliyeingia. Akaniuliza, "Kumbe mama umekuja naye? Yuko nje?" Nikamwambia hapana, yuko Milepa, anavuna. Hapo ndipo uongo wenyewe ulipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa nateleza ulimi tu.

Kesho yake akanipeleka Majengo, nyumba ya nyuma ya maduka. Najua alinipeleka ili nione ubaya wake niikimbilie ya Izia, madalali ndivyo walivyo. Ni ya zamani. Tofali za kuchoma zimejengwa kwa udongo, saruji iko juu tu inadanganya macho. Bati mbili zina kutu. Choo nje, uwanja hautoshi kuku watatu, maji ni bomba moja la watu wote wa uani. Jiko ni kibanda kilichobanwa kati ya kuta mbili, hakiangalii popote. Na ukuta wa chumba cha kulala ndio ukuta wa jirani.

Nilikuwa nakwangua ukuta huo niliposikia sauti upande wa pili. "Wewe unayekwangua, ukuta huo ni wangu pia. Ukitoboka nitakuona unavyokula ugali." Nikatoka nikamkuta mama mmoja mzee, anaitwa Mama Veneranda, amekaa mlangoni kwake anachambua ulezi kwenye ungo. Nikamsalimia shikamoo, nikaomba radhi. Akauliza nakuja kuishi na nani. Nikasema na mke wangu. Anaitwa nani? Leokadia. Wa wapi? Milepa.

"Aa, wa bondeni," akasema. "Baridi ya huku itamtesa. Mwambie bomba hili linatoka alfajiri tu. Akija nitamwonyesha pa kupanga ndoo, wasije wakamzidi ujanja."

Sijui nikueleze vipi. Tangu Kwaresima ya mwaka jana watu wakikutaja wanashusha sauti. Huyu alikutaja kama mtu atakayechelewa bombani. Niliondoka pale nimefurahi, kweli kabisa, nikatembea mpaka stendi nikasahau kwamba sikuwa na safari.

Na nikarudi. Mara nne, nikitoka kazini, nikijifanya naangalia mabati. Kila nikifika ananiuliza, "Leokadia hajambo?" Nami nasema hajambo, anamalizia kuvuna. Siku moja akanipa fungu la majani ya maboga ameyafunga kwa jani la mgomba, "Mpelekee, asije akasema jirani wa mjini ana roho mbaya." Nikayachukua. Nilifika chumbani nikayaweka mezani nikayaangalia muda mrefu, halafu nikayapika nikala. Nilimaliza yote. Niliona aibu kuliko siku niliyokamatwa nimeingiza ng'ombe kwenye shamba la baba yako.

Ijumaa Festo akanipigia. Akasema, "Mzee, nyumba yoyote utakayochukua, mwenyekiti wa mtaa anataka mama awepo Jumatatu. Siku hizi hawakubali mume anunue peke yake, baadaye wake wanakuja kulalamika. Mlete hata kwa pikipiki." Nikasema sawa. Nikakata simu nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Fundi akaniuliza kama naumwa.

Jana nikaenda Majengo. Nilimkuta Mama Veneranda pale pale na ungo wake. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nisingesema. "Mama, Leokadia alifariki. Mwaka jana, Kwaresima. Ni presha. Tumemzika kwao Milepa." Ni mara ya kwanza kulisema mwenyewe. Siku zile za msiba shemeji ndiye aliyekuwa anawaambia watu.

Hakuinua kichwa haraka. Akachambua kidogo, akatupa jiwe pembeni. "Na yale majani ya maboga?"

"Nilikula mimi."

"Yote?"

"Yote."

"Uliweka karanga?"

"Chumvi tu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo baya kuliko msiba. Akaweka ungo chini, akajishika goti, akanyanyuka. "Haya, njoo wewe nikuonyeshe bomba." Neno la pole alinipa baadaye, tulipokuwa tumeshafika bombani, na akanionyesha pa kupanga ndoo, upande wa ukutani ambako hazipigwi teke.

Kwa hiyo nachukua ya Majengo. Usikasirike kabla hujanisikiliza.

Wewe hukutaka jirani wa karibu kwa sababu ulisema tukizeeka tunataka kusikilizana sisi wenyewe, siyo kusikiliza ndoa za watu. Ilikuwa kweli, na nilikubali. Lakini ile ya Izia, jirani yuko ng'ambo ya shamba. Mwezi wa saba mwaka jana nilishikwa na homa siku tatu humu ndani, hakuna aliyejua mpaka fundi alipotuma mtu kuuliza kama nimeacha kazi. Kule Izia angetumwa nani, na angenikuta lini? Mimi nilikuwa naikagua nyumba kama fundi, msingi, lenta, kenchi. Vitu hivyo naweza kuvitengeneza. Udongo nitaukwangua, nitapiga plasta upya, bati nitabadilisha, choo nitakijenga ndani taratibu ili mwanao anyamaze. Mtu wa kuniuliza nimeweka nini kwenye mboga siwezi kumjenga kwa saruji yoyote.

Kinachoniuma ni jiko. Ningekupa lile jiko. Miaka yote hiyo nilijenga majiko ya watu, nikirudi nakueleza, "Leo tumemaliza jiko la mama mmoja, ungeliona," nawe unasema la kwako litakuja. Sasa limekuja nami naliacha, atapika humo mwanamke mwingine, labda hata hatajua kwa nini mlango umegeuzwa. Nilikwenda peke yangu jana mchana, bila Festo, nikasimama nje ya uzio wa Izia. Niliangalia tu, nikaondoka. Naomba unisamehe hilo.

Festo bado hajui. Nimeona nisimwambie kwenye simu, atasema pole harakaharaka halafu ataanza kunieleza tena habari za Izia. Kesho tutakuwa ofisini, yeye, muuzaji, mwenyekiti, na mtendaji na fomu zake. Mwenyekiti atauliza mama yuko wapi. Watu wote watageuka kuangalia mlangoni kama Festo alivyogeuka siku ile.

Nakuahidi nitajibu mwenyewe. Nitasema mke wangu alifariki, nitataja jina lako lote na la baba yako, na pale kwenye fomu wanapoandika mume na mke nitawaomba waandike mgane. Sitasema uko Milepa unavuna. Sitakutuma tena mahali popote.

Mavuno yakiisha nitashuka kukuona, nitakuja na Regina akipata nafasi. Kitanda nitakihamisha Jumamosi na vijana wa kazini. Mpaka leo nalala upande wa ukutani, upande wako sijaugusa, hata mto umekaa ulivyokaa. Kule Majengo nitakiweka katikati ya chumba, na nitajaribu kulala katikati.

Pumzika, Leokadia wangu.

Mimi,
Msukuma wako