Mguu Wangu Ulitoka

Jumamosi, 8 Februari
Nimechaguliwa! Mieleka, uzito wa kilo 57, naenda mashindanoni Tashkent na timu ya taifa. Miaka thelathini, nani angetegemea? 

Niandike hapa, maana mtu simwambii. Fainali ya mchujo nilipigana na Aizirek — Aizirek wangu, niliyemtoa kijijini Kochkor akiwa na miaka kumi na minne nikamfundisha mieleka. Nne kwa nne, mimi mbele kwa kuwa pointi ya mwisho ilikuwa yangu. Zimebaki sekunde kumi na moja. Akanisukuma hadi ukingoni, kisigino changu kikagusa nje ya duara. Nilikihisi! Pointi ni yake hiyo. Safari ni yake.

Refa hakuona. Kocha wake, Ulan, akarusha sponji mkekani kudai video iangaliwe. Lakini mchezaji anaweza kukataa, kwa sababu dai likianguka mpinzani huongezewa pointi. Aizirek hakumtazama Ulan. Alinitazama mimi.

"Dada, ulitoka?"

Nikatikisa kichwa: hapana.

Akaokota sponji, akamrudishia Ulan. Basi.

Jumanne, 11 Februari
Nimemsikia Ulan akimfokea Aizirek kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kwamba yeye kondoo, macho kapewa ya nini. Aizirek kamjibu kwa upole: dada Burul hawezi kunidanganya.

Mimi nyuma ya mlango, taulo mkononi, kama mwizi.

Na ameomba mwenyewe awe mwenzangu wa mazoezi hadi siku ya safari. Hakuna aliyemlazimisha!

Jumatano, 19 Machi
Bado kilo mbili. Aizirek anakimbia nami kavaa koti la nailoni, anatoka jasho bure, hana hata gramu ya kupunguza. "Nikikuacha peke yako utajificha mahali ule mkate," anasema. Nikacheka. Naweza bado kucheka — ajabu.

Baada ya mazoezi akanionyesha yule Mmongolia ninayeweza kukutana naye Tashkent anavyotanguliza mkono wa kulia kabla ya kushambulia. Ametazama mapambano yake tisa. Kayaandika yote kwa ajili yangu.

Nikaanza: "Aizirek, siku ile ya fainali..."

"Dada, yamepita hayo. Ulinishinda. Mwakani nakubwaga, hutaamini."

Ningeweza kuendelea. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuna mtu mwingine ukumbini. Nikachukua begi langu.

Alhamisi, 27 Machi
Shaba!! Nimemwangusha Mmongolia kwa mkono wake uleule wa kulia.

Kocha wangu, Temirbek, kanibeba begani kama gunia. Kisha kaniangalia usoni: "Una nini wewe? Umefiwa?" Nikasema uchovu.

Aizirek kapiga simu, analia kwa furaha. Nikamwambia mtandao mbovu, simsikii. Nilimsikia vizuri sana.

Jumapili, 6 Aprili
Kochkor, nyumbani kwa kina Aizirek. Mama yake, Mama Sairagul, kachinja kondoo kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu! Nimewekewa fungu la nyama la mgeni mkubwa, mbele ya bibi zake wote. Medali inapita mkono kwa mkono, watoto wanaing'ata.

Kisha Mama Sairagul kasimama. Kasema mbele ya watu kwamba mimi nimemlelea binti, nimemfundisha kushindwa bila kinyongo. Babu mmoja kadakia: "Afadhali ungemfundisha kushinda!" Wakacheka. Aizirek kacheka kuliko wote. Halafu wakataka niseme neno.

Nikasema nakwenda kunawa.

Nipo chumba cha nyuma, kwenye rundo la matandiko, naandikia gotini. Nikisema, safari hairudi, na mama huyu sijui atalifanya nini lile fungu mezani. Nikinyamaza, mwakani Aizirek atasimama mbele yangu tena, ananiamini. Nimejiambia ni kwa ajili yake ninanyamaza. Uongo. Naogopa tu — naogopa hatanitazama tena vile.

Nasikia hatua za Aizirek nje ya mlango. Anagonga.

"Dada! Hotuba gani hiyo unaitunga? Mafuta ya nyama yanaganda, na babu kashaanza kuimba. Utatuua!"

Nimemwambia aingie. Na afunge mlango.