Mama Alisema Ngoja

Alhamisi, 6 Juni 2024

Limesogea! Wiki nzima duara langu limeganda kwenye skrini kama limepigiliwa msumari. Kumbe ni mstari mmoja tu wa programu ya Python niliousahau. Sasa nimeiachia kompyuta ichague yenyewe — rangi, ukubwa, mwendo, upande wa kuelekea. Mwalimu Theopista anataka maumbo ishirini Jumatatu. Kompyuta ni ya chuo, wameniazima hadi siku hiyo.

Kaka Primus kampiga Mama tena. Chumvi imezidi, eti.

Ijumaa, 7 Juni

Maumbo kumi na mawili. Yakigongana yanapasuka. Niliandika hivyo kwa hasira, namfikiria Primus. Nikajisikia vizuri — Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Juni

Niandike tu.

Tulitoka misani, nikamwekea Mama maumbo yote ishirini pale mezani. Akacheka! Tangu tumzike Baba sijamsikia akicheka. "Evelyn, ona lile jekundu linavyokimbia!" Primus akaingia, ananuka pombe ya mbege, anataka chakula. Mama hakugeuka. Akasema, ngoja kidogo, baba.

Ngoja! Hajawahi kumwambia hivyo.

Primus akampiga kwa kigoda. Kichwani. Akaigeukia kompyuta, mara mbili, mara tatu, vipande vikaruka hadi jikoni. Kisha akamrudia Mama, na Mama yuko chini. Nikachukua mchi. Sikuwaza. Nilimpiga bega, akageuka, nikampiga mkono — nikausikia mfupa. Alilia kama ng'ombe. Nikamsukuma nje, nikatia komeo.

Saa kumi jioni. Nimemfunga Mama kichwa kwa kanga. Damu imepungua. Nimempigia baba mdogo Eliakim, anapandisha kutoka Moshi mjini. Primus hajaondoka. Mwanzoni alitukana — atatuchinja, atachoma nyumba na sisi ndani. Sasa analia. Mama, mkono unaniuma. Mama, nisamehe.

Nimeuegemea mlango, mchi mapajani, daftari juu ya mchi.

Mama ameinuka. Anatembea kwa kushika ukuta.

"Sogea, Evelyn."

Nimesema hapana. Anasema yule ni mwanawe, amevunjika mkono, hawezi kumwacha nje. Nimemwambia, na mimi ni nani, Mama?

Ananipapasa nywele kwa mkono mmoja. Wa pili umeshafika kwenye komeo —