Kahawa ya Rachidi

Buyenzi, Bujumbura
Tarehe 9 Septemba 1964

Mpendwa kaka Amissi,

Asalaam aleikum. Mgongo wako unaendeleaje, na watoto hapo Ujiji wamepona surua? Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, ila na mimi haongei, na leo nakueleza kwa nini.

Unakumbuka baada ya Uhuru ndugu yetu Rachidi alipewa kazi ya kuonja kahawa kwenye ghala la bandarini, mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti kile. Basi mwezi wa sita wanunuzi wa Ulaya walileta mshauri wao. Mzungu yule alionja kahawa ya Rachidi, akaitema, akasema ina ukungu, ni daraja la tatu. Rachidi naye akaonja, akasema, "Apana. Hii ni ya kwanza." Hakukubali kubadilisha.

Wanunuzi wakatuma telegramu: mtu huyo aondoke, ama hawanunui hata gunia moja. Bendera tunayo, kaka, lakini mnunuzi ni yule yule wa zamani.

Direkta wetu, Mrundi mwenzetu anayekaa Kiriri kwenye majumba ya Wazungu, akaniita mimi karani. Mezani palikuwa na karatasi inayosema Rachidi alichanganya kahawa mbovu na nzuri.

"Weka sahihi, Idi," alisema. "We ni ndugu yake, watakuamini. Ukikataa, mutatoka wote wawili."

Niliweka. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri.

Rachidi alifukuzwa asubuhi ile ile. Wanunuzi walipokwisha kununua kwa bei ya daraja la tatu, mshauri alinipa chapa mpya nipige kwenye magunia yale yale: daraja la kwanza. Nilipiga mpaka vidole vikawa vyeusi.

Kibarua pekee alichopata Rachidi ni kupakia meli. Ijumaa alikuja kubeba magunia hayo. Akasoma chapa, akaniuliza polepole, "Idi, kahawa yangu ilikuwa mbovu?"

Direkta na mshauri walikuwa wamesimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Beba, unachelewesha watu."

Akainama. Nikamtwika mimi mwenyewe.

Msalimie shemeji Zubeda na mwanao Hamissi. Barua za Rachidi usizipitishe kwangu, kutoka mkononi mwangu yeye hazipokei. Mola akuepushe na karatasi kama ile.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata usiponijibu,
Idi