Kwa Sostenes, Kwenye Milima ya Iliki

Kambarage,
Nyuma ya soko,
Shinyanga.
6 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Gulshan,

Shikamoo uliyonitumia kwenye ule ujumbe wa sauti niliipokea, marahaba sana. Habari za Calgary? Goti limepata nafuu, au bado unashuka ngazi kwa makalio kama tulivyokuwa watoto? Na shemeji, sukari yake imetulia? Mwambie aache kuficha biskuti, sote tunajua anakozificha. Rahim wangu ameniambia mmeshaanza kuwasha hita ndani ya nyumba. Huku ni jua na vumbi tu. Mvua za kwanza zilichungulia upande wa Old Shinyanga zikarudi zilikotoka. Mimi ni mzima. Presha ipo, vidonge vipo, tunaishi pamoja.

Najua utashangaa kupokea karatasi. Kikachi chetu cha nyumbani hatukufundishwa kukiandika, na Kiingereza changu ni cha kuagizia mali, kwa hiyo nakuandikia kwa lugha tuliyogombana kwayo uani kwa mama. Na nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simuni nikiuona uso wako nacheka, nakwambia niko salama, tunaagana. Wewe na Rahim mmeniuliza kama nitauza duka nihamie kwenu, ndiyo au hapana, na tangu Machi mnangoja. Jibu ninalo sasa. Lakini lina safari ndani yake, kwa hiyo nisome polepole.

Kwanza ujue hali ilivyo hapa. Kantaben wa mlango wa pili ameondoka, mwanawe Kaushik amemchukua wakaishi Dar. Alinipa masufuria yake yote akalia, nami nikalia, na sasa sina wa kupelekea bakuli la kadhi, ule mchuzi wetu wa mtindi, jioni. Ijumaa kwenye sala wanawake tuliobaki tunakaa mkeka mmoja, na nafasi inabaki. Saa kumi na mbili Dorah, anayenisaidia dukani, anafunga milango, ananikabidhi funguo, anakwenda kwa watoto wake. Mimi napanda juu. Napika wali wa mtu mmoja. Ni kazi ngumu, Gulshan, wali wa mtu mmoja. Kila ninavyopunguza, bado unabaki.

Sasa nikueleze kuhusu Sostenes. Ni mkulima wa Amani, kule milimani juu ya Muheza, ndiye aliyekuwa akimpelekea marehemu mume wangu Fazal iliki, mdalasini na pilipili manga. Mali inakuja na basi, maneno yanakuja kwa simu. Fazal alifanya naye biashara miaka mingi, akafa hajawahi kumwona uso. Fazal alipofariki, Sostenes alinipigia kunipa pole, na tangu siku hiyo hajaacha kupiga kila Alhamisi. Ananiambia mvua imenyesha wapi, nyani wameiba ndizi za nani. Anauliza presha yangu. Kisha anauliza kama nimekula. Na kila mara kabla ya kuagana anasema, “Mama Rahim, njoo siku moja uone iliki zako zinakotoka.”

Hakuwahi kumtaja mke. Mimi sikuuliza, na sasa najua kwa nini sikuuliza.

Usicheke. Sikuwa natafuta mume. Nimeshakuwa naye mmoja mzuri, ananitosha mpaka kaburini. Nilitaka tu pawepo mahali fulani katika nchi hii ambapo mtu ananisubiri mimi. Nilifikiri, kama mahali hapo papo, basi nina sababu ya kuwajibu hapana. Mwezi uliopita nikamwachia Dorah duka, nikapanda basi la Tanga. Ninyi sikuwaambia.

Nililala Korogwe, kesho yake nikashuka Muheza miguu imevimba kama mikate. Stendi ilijaa watu na machungwa. Kichwani mwangu Sostenes alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyeupe. Aliyenijia ni mtu mfupi, mkavu, amevaa buti za mpira, na nisingemjua kama asingefungua mdomo. “Mama Rahim, ndiye wewe?” akasema. “Sauti yako ni ndefu kuliko wewe.” Nikamwambia hata yake.

Kutoka hapo ni kupanda. Michungwa inaisha, msitu unaanza, barabara inajikunja mpaka masikio yanaziba. Juu kabisa kuna mashamba ya chai, na ukungu, na baridi ambayo ingekufurahisha wewe. Mimi ilinitisha. Sisi wa Shinyanga tumezoea kumwona mgeni akitokea mbali mpaka tunamaliza chai kabla hajafika. Kule mtu anatokea kwenye ukungu ameshafika puani. Jua sikuliona likitua hata siku moja. Ilikuwa mchana, halafu ikawa si mchana.

Nyumbani kwake alinipokea mkewe. Anaitwa Scolastika, mwanamke mnene mwenye macho matulivu, naye kavaa buti za mpira. Alinishika mikono miwili akasema karibu mgeni wetu wa Shinyanga. Nami nikashukuru, nikatabasamu, na ndani yangu kitu kikakaa chini. Nyumba ilijaa wana, wakwe na wajukuu. Walinipa kitanda kizuri kuliko vyote, maji ya moto ya kuoga, bada, yaani ugali wao wa muhogo, na mboga chungu wanayoiita mchunga. Chakulani walizungumza Kibondei chao, wakinikumbuka wanarudi kwenye Kiswahili. Kila mzaha nilicheka baada ya wengine.

Kesho yake Sostenes alinitembeza shambani. Gulshan, maisha yangu yote nimeuza iliki nikidhani inaning'inia juu kama embe. Kumbe jani ndilo linalokwenda juu, iliki yenyewe inatambaa chini kwenye shina, karibu na udongo, unainama kuichuma kama unaokota shanga. Mdalasini wanaubandua ganda ungali mbichi, na mikono inanukia siku nzima hata ukiiosha. Pilipili manga inapanda kwenye miti ya watu wengine kama mpangaji. Mbega walipita juu yetu, weusi wenye mashuka meupe mabegani, wakirukia matawi yaliyo mbali kana kwamba wamekosea, kisha wanayashika. Hondohondo akiruka, mabawa yake yanavuma kama mtu anayepepeta kwa ungo. Kwenye mdalasini mmoja tulimkuta kinyonga mwenye pembe puani. Scolastika, aliyekuwa nasi, alirudi nyuma akakataa kupita. Niliona mambo mengi mazuri, na kila nililoliona nilitaka kumgeukia Fazal.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Tulikaa kibarazani, mimi, Sostenes na mkewe, tukichambua iliki zilizokauka. Sostenes akatoa simu, akapiga. Ilikuwa kwa mama mmoja wa Dodoma mwenye duka, nilielewa hivyo. Akamwambia mvua imenyesha wapi. Akamsimulia habari za nyani na ndizi. Akamuuliza kifua chake kinaendeleaje, akamuuliza kama amekula. Nilijua linalofuata kabla hajalisema, na alilisema vilevile, kwa sauti ileile, pakiwa na kituo kidogo mahali palepale: “Mama, njoo siku moja uone iliki zako zinakotoka.” Akaagana naye, akapiga nyingine kwa mzee wa Iringa. Kumbe Alhamisi ndiyo siku yake ya kuwapigia wateja wote.

Mimi niliendelea kuchambua. Mbovu huku, nzima huku.

Hakunidanganya, naomba unielewe. Akiniuliza kama nimekula, anataka kujua kweli. Ni mtu mwema, na wema wake anaugawa sawasawa kwa kila mtu. Mimi ndiye niliyechukua fungu langu nikadhani ni gunia zima.

Baadaye nilizunguka nyuma ya nyumba nikajifanya nanawa uso. Scolastika akanifuata na kanga, akanifunika mabega kwa sababu ya ukungu. Alisimama kando yangu, akasema, “Anaongea hivyo na wote, Mama Rahim. Miaka yote anawaalika. Aliyekuja ni wewe peke yako.”

Sikujua kama ananifariji au ananipima. Uso uliniwaka moto hata kwenye baridi ile. Nikamwambia mume wake ni mtu mzuri. Akakubali kwamba ni mzuri. Tukakaa kwenye gogo wanalopasulia kuni, na bila mimi kumuuliza akaniambia jambo ambalo sidhani amewahi kumwambia mkwe wala mtoto. “Akimaliza simu zake,” alisema, “maneno yanakuwa yameisha. Kwangu anakuja kulala.”

Nyumba imejaa watu vile, Gulshan. Niliushika mkono wake, unanukia mdalasini kama wangu. Tukakaa mpaka wajukuu wakaanza kumwita.

Walinizuia nisiondoke haraka, nikaongeza siku. Na siku hizo ndizo zilizonipa jibu lenu. Nilipochukua ufagio, mkwe aliupokea mikononi mwangu. Niliposogelea jiko, nilirudishwa kwenye kiti. Mama, wewe ni mgeni, pumzika. Walinipenda, sina shaka. Nikakaa kwenye kiti chenye mto, nimefunikwa kanga, nikitazama ukungu, wengine wakiishi. Na nikaona waziwazi kwamba hicho ndicho kiti mnachonitayarishia kwa mapenzi yenu yote huko Calgary, tofauti yake ni kwamba ukungu utakuwa theluji.

Nilirudi kwa basi. Tulipopita Nzega nchi ikafunguka, tambarare mpaka mwisho wa macho, ng'ombe na vumbi lao, na jua likitua bila kuzuiwa na kitu. Nilipumua kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Stendi hakuna aliyenipokea, nilikuwa sijamwambia mtu. Nyumba ilikuwa na joto la kufungiwa, nikafungua madirisha moja moja.

Asubuhi yake, kabla Dorah hajamaliza kupanga mizani, aliingia Martina, mama anayewapikia wachimbaji wa dhahabu kule Rwamgasa. Huja kila baada ya wiki mbili kununua viungo, maana wachimbaji wakipata mzigo wa maana shimoni wanataka pilau siku hiyohiyo. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni. “Mayu, mama yangu, ulikuwa wapi?” akaniuliza. “Kwa viungo alivyonipimia Dorah nimewalisha watu pilau lisilonuka kitu, wakanisema mpaka nikaona aibu.” Alinigombeza hivyo mbele ya wateja wote. Nikampimia viungo vyake, nikamwongezea mkono mmoja, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akaondoka akiwa bado amenuna. Nikaingia stoo nikalia kidogo. Sikuwa na huzuni.

Alhamisi iliyopita simu ililia kama kawaida. Nilipokea. Sostenes akaniambia mvua imenyesha wapi, akaniuliza kama nimekula, nikamwambia nimekula. Safari hii hakunialika, nadhani hakujua tena aseme nini mahali pale. Nikamwomba anipe Scolastika. Palikuwa na vishindo, watoto, mlango, kisha akaja hewani. Akaniuliza kama nilifika salama. Nikamwambia nilifika. Baada ya hapo hatukuwa na maneno, hatujazoea. Hakukata, nami sikukata.

Kwa hiyo jibu langu, mdogo wangu, ni hapana. Sitauza. Mweleze Rahim taratibu, si mtoto mbaya, na chumba alichonipakia rangi asikifunge. Mwakani theluji ikishaondoka nitakuja niwaone, nitapika mimi, na nitarudi kwangu.

Usidhani nabaki kwa sababu nina furaha. Sina. Huku juu pako kimya sasa ninapoandika, nasikia friji tu. Lakini upweke huu nimeuzoea, najua ngazi zake bila taa. Chini kuna mlango, na asubuhi mtu ataufungua kuniuliza nilikuwa wapi. Kule Amani nilikuwa mgeni anayependwa, na sikuwahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa pale. Sitaki kuwa mgeni anayependwa mpaka kufa.

Nisalimie shemeji, nisalimie Rahim na mkewe, na wale mapacha wao ambao bado hawataki kuniita Dadima, yaani bibi, kwenye simu. Dorah anakusalimu, na Kantaben naye aliniagiza salamu zako kutoka Dar. Ijumaa nilipita makaburini, nikafagia kwa baba na mama, kisha kwa Fazal. Niliwaambia unaendelea vizuri, na goti nikaliombea.

Mola akufunike, mdogo wangu, baridi isikuguse mifupani, na nyumba yako isikose sauti ya mtu.

Dada yako akupendaye siku zote,
Naznin