Pale Sauti ya Masanja Ilipokatika

Mwanza, Jumatano ya masika, 1999

Mvua imeanza saa nane mchana, na Kamanga haionekani ng'ambo ya ziwa. Nimetoka kumsikia mdogo wangu Masanja akizungumza. Tulimzika mwezi wa kwanza.

Alitetea kuuzwa kwa kiwanda cha kuchambua pamba alichokitumikia baba. Mimi nikaandika gazetini kwamba ni dalali wa jasho la baba yetu. Akanijibu kwenye redio moja ya ughaibuni. Sikusikiliza. Siku ya kuanua matanga wazee waliuliza kama kuna mwenye neno na marehemu. Mimi, msemaji wa kila kikao, nilitazama viatu vyangu.

Redio ile imeyaweka mahojiano yale kwenye mtandao. Nikaenda na kaseti tupu kwa Neema, mwenye duka la kompyuta, nikidhani nitarudi na sauti nzima mfukoni. Kumbe sauti hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kikisafiri peke yake. Kompyuta hukusanya akiba kidogo, huanza kucheza, na kilichokwisha kusikika hufutwa. Laini ya simu inayovileta ni dhaifu. Akiba iliisha mara mbili, sauti ikasimama.

Kisha Masanja akasema: "Kaka yangu aliponiita dalali, mimi..."

Kimya. Aliporudi alikuwa anazungumzia mbegu.

Nikalaani laini za simu, serikali, na waliotuuzia mitambo chakavu. Neema alinisubiri nichoke.

"Shikamoo tena, mwalimu," akasema. "Kipande kikichelewa hakisubiriwi. Wakati wake umepita, kinachezwa kinachofuata."

Nikamwuliza kama maneno yale yamepotea.

"Kwako tu. Kule redioni yapo. Tukianza upya yatatumwa upya, na pengo labda litaangukia kwingine. Nianze?"

Nina hoja kwa kila mtu mji huu. Nikasema mvua itanizuia kufika nyumbani Mkolani, nikaondoka.

Mwavuli nilikuwa nao.

Miezi yote hii nimejiambia nimechelewa, basi. Ilikuwa faraja. Sasa najua jibu lake lipo, zima, na tangu nifike nyumbani nasikia "mimi..." kila ninaponyamaza. Kama alinisamehe, makala ile nitaibeba vipi? Kama hakunisamehe?

Asubuhi narudi kwa Neema. Nimeyaandika haya mbele yenu wasomaji, mliozoea kuniona nikiwacheka waoga, ili nisipokwenda mnicheke.