Siku Tuliposhuka Bisoke Wawili

Mpendwa wifi Dativa,

Mvua za Oktoba zimeanza tena hapa Kagugu, na huko Kanada umeniambia majani yanapukutika. Nimeamua kukuandikia, kwa sababu kwenye simu nitalia kabla sijafika kwenye neno lenyewe.

Unakumbuka Oktoba ile tulipopanda mlima Bisoke? Immaculée na Furaha, wenzetu wa kwaya, ndio waliotuandikisha, wakidai tumenenepa kwa kukaa. Nilikubali kabla sijajua kwamba na wewe umo. Ulipoingia kwenye gari na raba zako mpya nyeupe, niligeukia dirishani. Tangu tulipomzika Deo, kaka yako na mume wangu, tulikuwa tunasalimiana kwa adabu tu. Ulikuwa umesema mbele ya watu kwamba nilichelewa kumpeleka hospitali. Hukurudia, nami sikujibu, lakini neno lile lilikaa kati yetu kila Jumapili, tukiimba benchi moja.

Mwanzoni mlima ulitudanganya. Tulipita mashamba ya viazi na pareto tukipiga soga. Baada ya mianzi likaja tope la kufika magotini, kila hatua unachomoa mguu kwa mikono miwili. Ukashika isusa, yale majani yanayowasha, ukidhani ni tawi la kujishikilia, na Furaha akacheka mpaka akakaa topeni. Weupe wa raba zako haukuonekana tena.

Ilipobaki kama saa moja kufika kileleni, kichwa kilianza kunigonga. Nikatapika mara mbili. Kiongozi wetu akanitazama machoni akasema, "Mama, huu ni ugonjwa wa mlima. Dawa yake ni kushuka. Mbebaji mmoja atakupeleka, wengine tuendelee."

Nilijua ulivyolitamani lile ziwa lililoko juu. Deo alikuwa amelifikia ujanani, akakuahidi kwamba siku moja atakupeleka. Nikakwambia, "Nenda, wifi. Mbebaji ananitosha."

Ukakaza kitenge chako kiunoni, ukanijibu kwa Kiswahili chako cha Bujumbura, "Weye hauwezi kushuka na mutu usiyemujua. Twende, wifi."

Tukashuka umenishika mkono, mvua ikitunyeshea, mbebaji ametangulia akituchimbia vidato kwa kisigino. Mahali fulani tuliteleza sote wawili tukakaa chini, na wewe hukuinuka. Ukasema bila kunitazama:

"Deo aliniita kwa simu siku ile, asubuhi. Akasema iko na maumivu, lakini nisikuambie, kwani utamubeba kwa nguvu mpaka hospitali. Nikanyamaza. Ni miye nilichelewesha. Nikakutupia weye, sababu sikuweza kubeba peke yangu."

Hasira ilinipanda, wifi, sitakuficha leo. Nilitaka kukuachia mkono. Lakini nilikuwa siwezi hata kusimama bila mkono huo. Nikakwambia, "Alitudanganya sote wawili. Mimi aliniambia ni gesi tu." Ndipo ukalia, nami nikalia, na mbebaji akatugeuzia mgongo kwa heshima, akijifanya anakagua mianzi.

Immaculée na Furaha walirudi na picha ishirini za ukungu mtupu. Ziwa hawakuliona. Ulivyocheka siku hiyo sijakuona ukicheka tena hivyo. Jumapili iliyofuata ulikuja kwangu na sahani ya ndagala, wale dagaa wa kwenu, na tangu hapo hukukosa, mpaka binti yako alipojifungua mapacha akakuhitaji huko. Kiti chako watoto hawakikalii mpaka leo, ingawa sijawahi kuwakataza.

Sasa neno lenyewe. Kuna mtu. Anaitwa Laurent, anafundisha hesabu hapo jirani, Kibagabaga, naye alifiwa na mkewe. Ni mtaratibu, anasikiliza mpaka umalize. Ameniomba nimkubali. Wanangu wamefurahi. Mama mkwe nilimwendea mwenyewe, akanishika kichwa akaniombea. Bado sijamjibu Laurent, kwa ajili yako.

Sikuombi ruhusa kama mtoto. Ninachoogopa ni kimoja: watu wa ukoo watasema wifi ni wa ndoa, na kwamba nikishaolewa kwingine wewe si wangu tena. Labda ndivyo hesabu za ukoo zilivyo. Lakini Deo alitukutanisha tu. Haya mengine tuliyatengeneza sisi wenyewe, mimi na wewe, na sitaki kuyapoteza kwa sababu nimepata furaha nyingine.

Nimemwambia Laurent nitamjibu Jumapili. Nipigie kabla ya hapo. Huna haja ya kutafuta maneno. Niite tu kama unavyoniita siku zote, nami nitajua.

Wabusu mapacha, na ujifunike vizuri.

Ni mimi,
wifi yako, Agnes