Unyevu ya chumba yako

Mama,

Faustin, mutoto wako wa kwanza, anatengeneza nyumba. Anataka kuoa, na hataki wakwe waone kuta nyeusi. Lakini fundi alikataa kupaka rangi mara moja. Alisema: «Kwanza nijue hii maji inatoka wapi. Nikipaka leo, mvua ya kwanza itabandua yote.»

Akaniachia kamashini kadogo kenye kuonyesha joto na unyevu. Wiki mbili nilikazungusha mu vyumba, asubuhi na jioni, nikiandika namba mu kaye. Saloni, sawa. Kwa Faustin, sawa. Chumba yako, Mama... tisini kwa mia, na jua inawaka inje. Kila siku.

Ulituambia. Ulisema: «Blanketi yangu iko maji.» Nikakujibu: «Mama, ni uzee.» Nilisema vile nikinywa chai, sikugeuza hata kichwa. Ulipokohoa mupaka asubuhi, Faustin alikuletea chupa ya dawa, akaona amemaliza kazi.

Fundi aliangalia dirisha yako. Ile mbao tuliipigilia pale wakati wa vita, watu wakikimbia toka Djugu. Vita ilihamia upande ingine, mbao ikabaki. Ulimuomba Faustin aitoe. Mara ngapi? «Kesho, Mama.» Fundi aliitoa na nyundo, hata jasho haikumutoka. Kisha siku tatu kupita, unyevu ilianza kushuka. Misumari nane, Mama. Misumari nane tu!

Fundi akauliza: «Nani alikuwa analala humu?»

Faustin akajibu: «Hakuna mutu. Ilikuwa depo ya kuwekea vitu.»

Nikasema: «Mama yetu alikuwa analala humu. Amekufia humu.»

Fundi alivua kofia. Faustin akatoka inje, na mupaka leo hatusemezani. Usinisifu. Ile kinywa nilipaswa kuifungua weye ukiwa muzima.

Mudogo wako, Mama Cécile, amehama toka Tchomia, anaishi na siye sasa. Jana alisema goti inamuuma. Faustin akacheka: «Ni uzee.» Mimi nilivaa viatu, nikamupeleka hopitali.

Pumzika, Mama. Siombi unisamehe, sijafika pale. Nakuahidi kitu moja: mutu akisema anaumia mu hii nyumba, nitamuamini siku ileile, na nitasimama nimusaidie.

Binti yako,
Neema